Mwongozo kamili: kuruka rali ya ndege kwa kundi kwenye simuleta

Rali ya kwanza niliyoandaa kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kurusha ndege, tulianza watu saba, tukafika wawili. Mmoja alikuwa kwenye mawingu mazito wakati sisi wengine tunaona jua, mwingine aliishiwa mafuta katikati ya ziwa, wawili walianza kukimbizana mpaka wakapotea kabisa, na wa mwisho mpaka leo hajasema alienda wapi. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa kwa sababu hajui kuruka, wote wanajua, kilichotuangusha ni mambo ambayo yalitakiwa kuongelewa siku mbili kabla. Kwa hiyo sehemu kubwa ya huu mwongozo ni maandalizi, uvumilie tu, kuruka kwenyewe tutafika.

Kwanza tuelewane rali ni nini. Sio mbio. Mbio ni fungua throto (mkono wa nguvu ya injini) mpaka mwisho na mwenye ndege ya nguvu ashinde, hiyo dakika kumi inachosha. Kwenye rali unapewa njia yenye pointi za kugeukia, unapiga hesabu yako ya muda, halafu anashinda aliyepita juu ya kila pointi karibu zaidi na muda alioandika. Ukiwahi unakatwa, ukichelewa unakatwa. Sheria za mashindano ya kweli ya FAI, lile shirikisho la michezo ya anga lililoanzishwa 1905, zinaruhusu uwahi au uchelewe sekunde 2 tu kwenye pointi ya kugeukia bila adhabu, baada ya hapo kila sekunde unakatwa pointi 3 za alama. Kwa simuleta na kundi la marafiki hiyo ni kali mno, sisi tunatumia sekunde 5 bure halafu pointi 1 kwa kila sekunde inayozidi, na ukikosa kabisa kupita pointi ya kugeukia unakatwa 200. Chagueni ya kwenu lakini iandikwe kabla ya mtu kuwasha injini, vinginevyo mtabishana usiku kucha.

Simuleta na seva

Kama wote mnatumia Microsoft Flight Simulator basi kazi ni nyepesi, hakikisheni tu mko kwenye seva moja, maana kila mtu anaweza kuwa mtandaoni na bado msionane. Kwenye ile ya 2020 kuna jambo linawachanganya wengi: ukichagua kuona wachezaji wa live unafungwa kwenye hali ya hewa ya sasa na saa ya sasa, ukichagua wachezaji wote kila mtu anajiwekea yake. Kwa rali chagueni hii ya pili. Mkiwa mmechanganyika, huyu yuko X-Plane, simuleta nyingine, yule yuko Microsoft, kuna JoinFS, programu ya bure inayowaunganisha mkaonana. Na ambaye hana hela ya simuleta asikae pembeni, FlightGear ni ya bure kabisa na ina seva zake za kuruka pamoja, ila kundi zima lihamie huko.

Sauti tumieni Discord au chochote mlichozoea, lakini kila mtu aweke maiki ya kubonyeza, inayosikika akibonyeza tu. Mtu mmoja mwenye maiki wazi na feni nyuma yake anaharibu rali nzima.

Ndege

Ndege moja, aina moja, kwa wote. Najua kuna mtu ananunua ndege mpya kila wiki na anataka kuja nayo, mwambie siku nyingine. Cessna 172 inatosha sana kwa mara ya kwanza, ipo kwenye simuleta karibu zote, inaona chini vizuri kwa sababu mabawa yako juu, na kasi yake ya noti 110 hivi (noti ni maili ya baharini kwa saa) inakupa muda wa kufikiri. Ile ya 172S inabeba kama galoni 53 za mafuta yanayotumika na inakula galoni 9 au 10 kwa saa, kwa hiyo safari ya saa moja na nusu piga 15, ongeza 5 za akiba ya nusu saa, ongeza nyingine 5 za kupotea, maana mtapotea. Galoni 25. Wote wawe na kiasi hichohicho, aliyejaza tenki mpaka juu atapanda taratibu kuliko wenzake halafu atalalamika.

Otopailoti, yaani mtambo wa ndege kujiendesha, sisi tunaikataza, na ile ramani ya GPS kwenye dashibodi tunaizima. Kama kundi ni la wanaoanza acheni GPS iwepo rali ya kwanza, lakini mkubaliane ya pili inazimwa, maana ukishaizoea ile mistari ya rangi unakuwa abiria.

Kuchora njia

Hapa ndo mwandaaji anaonyesha ufundi wake. Fungua Little Navmap, programu ya ramani, ni ya bure na inasoma data za simuleta nyingi, anza na kiwanja kidogo na malizia kiwanja kingine, katikati weka pointi tatu mpaka tano. Vipande vya maili 30 hadi 50 za baharini ni saizi nzuri, chini ya hapo hakuna muda wa kurekebisha kosa, juu ya hapo watu wanasinzia au wanaenda kuangalia simu.

Pointi yenyewe iwe kitu ambacho huwezi kukifananisha na kingine. Kijiji? Hapana, ukiwa futi 3,000 vijiji vyote vinafanana, na simuleta nyingi zinajijengea nyumba zake zenyewe. Mlima? Unauona kutoka mbali lakini kileleni ni wapi hasa, kila mtu atakuja na jibu lake. Nzuri ni pale mito miwili inapokutana, ukuta wa bwawa, ncha ya rasi, kisiwa kidogo kilicho peke yake, daraja refu, au kiwanja cha ndege kilichoachwa. Halafu, na hili usiliruke, nenda mwenyewe uiruke njia yote kabla hujaituma. Mimi niliwahi kuweka daraja ambalo kwenye ramani lipo na kwenye simuleta ya nusu ya kundi halikuwepo, walizunguka pale kama mwewe wanatafuta kitu ambacho hakikuchorwa.

Kitu kingine, saa isianzie kwenye ranwei (njia ya kurukia). Weka pointi ya kuanzia maili 8 au 10 kutoka kiwanjani, mtu apande, atulie kwenye kimo chake, aweke trimu (ndege itulie bila kushikilia usukani), ndo apite pale na saa ianze. Ukihesabu tangu magurudumu yanaachia ardhi, kila anayechelewa kupanda ameshaharibikiwa kabla hajaanza.

Hali ya hewa na saa

Msitumie hali ya hewa ya live kwenye rali ya kushindana. Inabadilika katikati ya safari na wawili hawapati upepo uleule. Mwandaaji atoe namba: upepo kutoka wapi, noti ngapi, mawingu kimo gani, presha ya hewa ngapi, na saa ya kwenye simuleta, kila mtu aziingize kwa mkono. Kwa kuanzia upepo wa noti 15, mwanga wa asubuhi, mawingu machache. Usiku acheni kwanza.

Kwa habari ya usiku, mwaka 1934 kulikuwa na mbio za ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, na ndege ya abiria DC-2 ya KLM, shirika la Uholanzi, iliyoitwa Uiver ikapotelea kwenye dhoruba usiku ikiwa imekaribia kumaliza. Watu wa mji wa Albury wakawasha na kuzima taa za mji ili rubani ajue yuko wapi, halafu wakapanga magari yao kwenye uwanja wa mbio za farasi wakamulika, ndege ikatua pale. Asubuhi waliivuta kutoka kwenye tope ikaendelea, ikamaliza ya pili nyuma ya ndege ya mbio DH.88 Comet na ikachukua zawadi ya handikapu, ile inayopimwa kwa kulinganisha uwezo wa ndege. Kwenye simuleta hakuna atakayekuwashia gari.

Karatasi ya muda

Sasa chukua kalamu kabisa, sio kichwani. Tuseme vipande ni vitatu na unapanga kuruka noti 110 za kweli hewani. Kumbuka namba unayoiona kwenye kipimo cha kasi sio hiyo, hewa inapungua ukipanda, kwa hesabu ya haraka ongeza asilimia 2 kwa kila futi 1,000. Ukiwa futi 3,000 ni asilimia 6, yaani sindano ikae 104 ndo uwe kwenye 110.

Kipande cha kwanza maili 48, upepo wa mbele noti 15, kasi juu ya ardhi inabaki 95. Gawa 48 kwa 95 zidisha 60, ni dakika 30 na sekunde 19. Cha pili maili 36, upepo wa ubavuni unakula kidogo, kasi 108, dakika 20 kamili. Cha tatu maili 40, upepo unasukuma nyuma, kasi 125, dakika 19 na sekunde 12. Kama umepangiwa kupita pointi ya kuanzia saa 19:10:00 kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia nzima), karatasi yako inasoma 19:40:19, 20:00:19, 20:19:31. Hizo ndo namba unazituma kwa mwandaaji kabla ya kuruka na huruhusiwi kuzibadilisha.

Tumieni UTC tu, mkianza kuandika saa za kila mtu alipo lazima mmoja atakuja saa moja baada ya wengine.

Angalia pia uelekeo. Upepo kwenye utabiri na mistari ya ramani huwa ni kwa kaskazini ya kweli, dira yako ya ndege ni ya sumaku, na tofauti yake Little Navmap inakuonyesha. Sehemu nyingine ni nyuzi 1 huioni, nyingine ni 15 na unaishia bonde la jirani.

Chora na vialama njiani, kila dakika 10 hivi kitu cha kukitambua, reli, kona ya mto, barabara inayovuka. Andika pembeni muda wa kukifikia.

Siku yenyewe

Ingieni dakika 40 kabla. Inaonekana nyingi lakini kuna mtu atakuta apdeti ya giga kadhaa inamsubiri. Wote mwanzie kwenye maegesho, sio kwenye ranwei, mkianza wote ranwei mnapandiana kama sahani. Zimeni kugongana kati ya wachezaji, kwa sababu intaneti ikisuasua ndege ya mwenzako inaruka mbele na nyuma na inaweza kukupitia katikati bila kosa la yeyote.

Kagua na wenzako kwa sauti, mmoja anauliza kila mtu anajibu: mafuta galoni 25, upepo umeweka, presha umeweka, muda wa simuleta unaenda mwendo wa kawaida, haujaharakishwa, saa inafanana. Kwenye Microsoft ukibonyeza B altimita (kipimo cha kimo) inajiseti yenyewe, na D inalinganisha jairo (kipimo cha uelekeo) na dira. Hiyo D iweke akilini, kila dakika 10 au 15 ibonyeze ukiwa umenyooka, jairo inahama kidogokidogo bila kukuambia.

Kuondoka ni mmoja mmoja, dakika 2 kati yao, anayeruka polepole mwisho ili asipitwe pitwe. Kwa noti 110 dakika 2 ni kama maili tatu na nusu, inatosha kutogusana na bado unamwona wa mbele kama kidoa. Yule wa kwanza kupita pointi ya kuanzia anapita 19:10, wa pili 19:12, hivyohivyo. Peaneni na vimo tofauti, futi 500 kati ya anayefuatana na mwenzake.

172 inanyanyuka kwenye noti 55, panda na 74. Kama umefika mapema karibu na pointi ya kuanzia, zunguka, mzunguko mmoja wa kawaida wa nyuzi 3 kwa sekunde ni dakika 2 kamili, kwa noti 110 unalaza ndege nyuzi 17 hivi. Mimi huwa nalenga kufika pale na sekunde 30 za ziada halafu nazimaliza kwa kupindapinda.

Hewani

Unapita juu ya pointi, unabonyeza saa ya simu, unageuka, unaweka uelekeo, unaweka kasi, unaandika muda. Kwa mpangilio huo kila mara. Saa ya simu na sio ya ndege, lakini hapa kuna mtego kwa watu wa X-Plane: fremu (picha za skrini) zikishuka chini ya 20 kwa sekunde simuleta yenyewe inapunguza mwendo wa muda ili isikwame, kwa hiyo simu inasema umechelewa na wewe umeruka vizuri tu. Punguzeni grafiki mpaka mashine ipumue, urembo wa miti hautakupa pointi.

Tuchukue kile kipande cha maili 48. Maili 16 kuna daraja, karatasi inasema utalifikia dakika 10 na sekunde 6. Unalipita saa ikisoma 10:40. Umechelewa sekunde 34. Wengi hapa wanasukuma throto kidogo wanajisemea itajilipa, haijilipi. Fikiri: maili 16 kwa dakika 10 na sekunde 40 ni kasi ya noti 90 juu ya ardhi, wewe ulipanga 95, maana yake kwenye mwelekeo wako upepo wa mbele ni 20 na sio 15. Zimebaki maili 32 na dakika 19 na sekunde 39. Hiyo inahitaji noti 98 juu ya ardhi, ukijumlisha upepo wa 20 unatakiwa uwe 118 hewani, sindano kwenye 111. Yaani noti 8 zaidi na sio 5, kwa sababu unalipa deni la nyuma na pia unapambana na upepo uliobaki. Na ndo maana hatupangi kasi ya throto yote wazi, ungekuwa ushafika mwisho hapo ungezitoa wapi hizo noti 8.

Ukiwa umewahi mno, kupunguza kasi kunasaidia kama ni sekunde chache. Kama ni dakika nzima fanya hivi: geuka nyuzi 60 pembeni ya njia, ruka dakika moja, geuka nyuzi 120 kurudi upande wa njia, ruka dakika moja, utajikuta umerudi kwenye mstari na umepoteza dakika moja. Ni pembetatu yenye pande sawa, umeruka pande mbili mahali ulipotakiwa kuruka upande mmoja. Ukitaka kupoteza sekunde 40 ruka sekunde 40 kila upande. Upepo utaichafua kidogo, sio sana.

Kutoka nje ya mstari kuna kanuni ya 60: kila maili 1 pembeni baada ya maili 60 ni kosa la nyuzi 1. Umeruka maili 30 na mto uliotakiwa kuwa chini yako uko maili 3 kushoto, kosa ni nyuzi 6. Ukigeuza nyuzi 6 tu utakuwa sambamba na njia, hurudi kamwe. Geuza 12, baada ya maili 30 nyingine uko kwenye mstari, hapo rudisha 6.

Na ukipotea kabisa, sema. Panda futi 1,000 zaidi, tafuta kitu kikubwa kama pwani au ziwa, mpe mwandaaji kile unachokiona na sio kile unachotamani kukiona. Nimemsikia mtu akitangaza kwa uhakika kuwa yuko juu ya bwawa la pointi ya pili, na sisi tuliokuwa pale hatumwoni, alikuwa juu ya bwawa lingine kabisa maili 20 kusini.

Kwenye redio ongea kwa ufupi: wewe ni nani, uko wapi, kimo gani, unaenda wapi. Usitaje muda wako, hiyo ni kumpa mwenzako majibu ya mtihani.

Kufika

Pointi ya mwisho pia iwe nje ya kiwanja, maili 5 hivi, ili saa ikishasimama watu watue kwa amani. Nyote mnaingia mzunguko wa kushoto futi 1,000 juu ya kiwanja, aliye chini na aliye mbele ana haki ya kwanza, kipande cha mwisho cha kutua noti 65, flapi (vibawa vya nyuma ya mabawa) zikiwa zimeshushwa zote. Mkitaka kuongeza utamu mpigie pointi kutua pia, mstari wa kugusa uwe ule mwanzo wa alama za ranwei, mwandaaji anakaa kwenye nyasi na kamera akiangalia.

Matokeo: kila mtu anahifadhi njia yake kutoka Little Navmap kama faili la GPX (rekodi ya njia na muda) anamtumia mwandaaji, pale muda wa kupita kila pointi unaonekana wazi, hakuna ubishi. Simuleta ya mtu ikizima katikati, sisi tunamhesabia vipande alivyomaliza na anaanza tena kutoka kiwanja cha karibu kama anataka, bila kuhesabiwa kile kipande kilichokatika. Kusimamisha simuleta hewani ni sawa na kujitoa, hata kama mlango umegongwa.

Aliyeshinda ndo anachora njia ya rali inayofuata, na kwenye hiyo hashindani, anakaa kwenye nyasi na kamera.